Pedi za bure Moshi: kapu la wazi, dirisha la mhudumu, mashine au kadi ya duka la dawa?

Wanaotaka kuweka pedi za bure kwenye vyoo vya watu wengi huanza na swali la fedha: zitatoka wapi? Ni swali la haki, ila huwa linatangulizwa mno. Lipo jambo linaloamua mapema zaidi kama pedi hizo zitamfikia mwenye shida au zitakaa kabatini mpaka panya wazikute: je, ili aipate, mwanamke atalazimika kumwambia mtu kwamba yuko kwenye siku zake?

Kwa swali hilo nimezipima njia nne ambazo kikundi cha akina mama, parokia, mzabuni wa choo au diwani anaweza kuchagua. Nimeandika nikiiwaza Moshi, na stendi yake, soko la Mbuyuni, hospitali ya Mawenzi na maktaba ya mkoa. Aliyeko Arusha aweke Kilombero mahali pa Mbuyuni na Mount Meru mahali pa Mawenzi, mengi yatamfaa.

Shule sikuiweka mbele, na nimefanya hivyo makusudi. Huko angalau kuna matroni, kuna mwalimu wa kike, na kila ikikaribia tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Salama Duniani, wafadhili hupita na maboksi. Mama wa miaka 35 aliyeteremka kutoka Kibosho na mikungu yake ya ndizi alfajiri hana matroni.

Wenzetu walifanyaje

Uskoti ndiyo nchi ya kwanza duniani kuandika kwenye sheria kwamba bidhaa za hedhi zipatikane bure kwa kila anayezihitaji. Bunge lake lilipitisha sheria hiyo Novemba 2020, bila kura hata moja ya kupinga, baada ya mbunge Monica Lennon kuipigania kwa miaka kadhaa. Agosti 2022 halmashauri na vyuo vikaanza kubanwa nayo kikamilifu. Bajeti ya Uskoti hatuna, lakini masharti ya sheria yenyewe hayahitaji bajeti kuyaelewa: bidhaa zipatikane kwa urahisi, zipatikane kwa njia inayolinda staha na faragha ya mtu, na ziwe za aina zaidi ya moja. Mizani hiyo hiyo nimeileta huku.

Kenya walianzia shuleni. Sheria ya mwaka 2017 iliipa serikali jukumu la kumpa taulo za kike za bure kila msichana aliyevunja ungo na kuandikishwa shule ya umma. Sisi Tanzania tulijaribu mlango wa kodi. Julai 2018 VAT ya asilimia 18 iliondolewa kwenye taulo za kike, na mwaka uliofuata ikarudishwa, serikali ikisema bei dukani haikushuka. Nafuu iliyopitia kwa wauzaji haikufika kwa mnunuzi. Ndiyo maana hapa nazungumzia pedi yenyewe iliyowekwa mahali mtu anapoweza kunyoosha mkono akaichukua, bila punguzo linalopita kwanza mikononi mwa mtu mwingine.

Hesabu ya choo cha kulipia

Pakiti ya pedi nane au kumi kwa Mangi, duka la mtaani, inakwenda kama shilingi 2,000 mpaka 3,000. Tuseme pedi moja ni 250, na anayenunua kwa katoni atapata chini ya hapo.

Mzunguko wa kawaida huhesabiwa siku 28, na damu hutoka kama siku tano. Kwa hiyo katika wanawake 100 wa umri wa kuzaa wanaoingia choo fulani kwa siku moja, tutarajie 18 hivi wawe kwenye siku zao. Wengi wao wametoka nyumbani wamejiandaa. Tuseme theluthi moja ndio wamekwama, yaani sita, kila mmoja akachukua pedi moja: shilingi 1,500 kwa siku. Kama kiingilio cha choo ni 300, wanawake hao 100 wameacha dirishani 30,000. Pedi zimekula shilingi 15 katika kila 300. Hata wote 18 wakichukua, pamoja na wale waliokuwa na zao kwenye pochi, ni shilingi 45 katika kila 300.

Namba hizi ni za kukadiria, kila choo kina zake. Nimeziweka kwa sababu hofu ya kwanza utakayosikia kikaoni ni "watazimaliza zote siku moja". Mwanamke akichukua nne badala ya moja, kinachowezekana zaidi ni kwamba ana siku nne mbele yake na hana hela. Hasara yako ni shilingi elfu moja, na aliyeipata ndiye hasa uliyemkusudia.

Kapu la wazi

Kapu, au rafu ndogo ukutani, ndani ya upande wa wanawake, karibu na sinki. Hakuna wa kumwomba, hakuna wa kumweleza, hakuna daftari la kusaini. Kwa staha hakuna njia inayoishinda hii.

Udhaifu wake uko kwenye mambo madogo ambayo mtoaji huyasahau. Vyoo vyetu huoshwa kwa ndoo na mpira wa maji, na pedi ikishalowa haina kazi tena. Pedi za bei ya chini mara nyingi hupangwa pakitini moja juu ya nyingine bila kufungwa kila moja peke yake, kwa hiyo ukizimwaga kapuni zinashikwashikwa na kushika vumbi. Nunua zile zilizofungwa mojamoja, au kaeni jioni moja mzitie kwenye bahasha za kaki. Rafu iwe juu ya usawa wa maji lakini isipite urefu wa mkono wa mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Iwe na kifuniko chepesi.

Halafu kuna pahali pa kuliweka. Vyoo vingi vya stendi vina mlango mmoja wa mbele wenye dirisha la malipo, wanaume wanakata kushoto na wanawake kulia. Kapu likikaa pale mbele, umemwambia mwanamke achukue pedi mbele ya foleni ya makondakta. Lipite kona kabisa.

Na lisijazwe. Hili ni la muhimu kuliko yote ya kapu: weka kumi asubuhi, kumi mchana, kumi kabla ya mabasi ya jioni. Kapu lililojaa hadi juu saa kumi na mbili asubuhi huwa limeisha saa tatu, na wanaofika baadaye wanakuta karatasi iliyoandikwa "pedi za bure" juu ya kapu tupu, jambo linaloudhi kuliko kama lisingekuwepo. Ukijaza kidogo kidogo, anayetaka kukomba atakomba kumi tu.

Dirisha la mhudumu

Hii ndiyo njia inayopendwa na wenye mali, kwa sababu kila pedi ina mwangalizi. Mhudumu anazo chini ya meza, ukihitaji unamwambia.

Sasa tazama anayekaa dirishani. Mara nyingi ni kijana wa kiume, au mzee, na nyuma ya mteja kuna watu wanasubiri zamu. Binti wa miaka 14 anayesafiri na mjomba wake kwenda Dar hatasema "kaka, naomba pedi" pale. Atajisitiri kwa kanga au tishu, apande basi hivyo hivyo, na kutoka Moshi mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Njiani atategemea basi lisimame watu wachimbe dawa, yaani wajisaidie porini, na huko kwenye kuchimba dawa hakuna kapu wala mhudumu.

Mwisho wa mwezi ripoti itaonyesha pedi chache zimetoka, na mtu atasema: "Mnaona? Hawazihitaji." Hapo ndipo njia hii inapodanganya. Kwenye dirisha, idadi ndogo inaweza kumaanisha aibu, na ripoti haina safu ya kuandika aibu.

Inaweza kurekebishwa, lakini kwa masharti. Mhudumu awe mwanamke, angalau zamu ya asubuhi na ya jioni. Pale ambapo karatasi ya chooni hutolewa dirishani, tengeneza vifungu viwili vya kaki vinavyofanana kwa nje, kimoja cha karatasi tupu na kimoja cha karatasi na pedi ndani, vyenye alama ndogo, kila mwanamke ajichukulie. Hapo mwangalizi yupo na ombi halipo. Bila marekebisho hayo, mimi njia hii nisingeichagua popote isipokuwa zahanati, ambako mwanamke tayari amekuja kusema shida za mwili wake na nesi amezoea kuzisikia.

Mashine

Mashine ya ukutani inayotoa pedi moja ukibonyeza au ukitumbukiza tokeni inavutia sana kwenye picha za uzinduzi. Ina faida ya kweli: hakuna wa kumwomba, na hakuna wa kuzoa zote kwa mkupuo. Kwenye jengo lenye fundi wake, ulinzi na umeme wa uhakika, kama kituo cha mikutano cha AICC Arusha au majengo ya chuo, sina ubishi nayo.

Stendini au sokoni nasema hapana. Mashine huagizwa kutoka mbali, na vipuri vyake vivyo hivyo. Mlango ukikwama, mwenye ufunguo yuko ofisini na ofisi imefungwa Jumamosi. Wengine hupendekeza mashine ya sarafu, mtu alipe 200 au 500. Hiyo ni biashara, ifanyike tu, ila isiitwe bure. Bei ya kuinunua na kuifunga ingejaza kapu kwa muda mrefu. Sioni la kuongeza.

Kadi ya duka la dawa

Machi 2024 serikali ya Catalonia, Uhispania, ilianza kupitisha bidhaa za hedhi kwenye maduka ya dawa: kila mwenye hedhi anaweza kuchukua bure kikombe cha hedhi kimoja, chupi moja ya hedhi na pakiti mbili za pedi za kufua. Duka liko karibu na nyumbani, lina mtaalamu, na hakuna jengo jipya la kusimamisha.

Moshi tuna mtandao wa namna hiyo tayari. Kuanzia Majengo mpaka Pasua na Kiboriloni hukosi duka la dawa muhimu. Kikundi au parokia inaweza kuchapa kadi, mhudumu wa afya wa mtaa akazigawa kwa kaya anazozijua, na mwanamke akachukua pakiti nzima kila mwezi.

Tofauti yake na hizo nyingine ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kapu humwokoa aliyeshtukizwa leo. Kadi humhudumia asiyekuwa na hela mwezi baada ya mwezi, na kwa huyo pedi moja ya stendi haimfikishi popote, maana atahitaji tatu mpaka tano kila siku kwa siku zote. Ni shida mbili zinazochanganywa kikaoni, halafu inachaguliwa dawa moja kwa zote mbili.

Kadi ina uvujaji wake. Muuza duka anaweza kukubali kuibadilisha kwa sabuni au dawa ya mafua. Ugawaji unaweza kuanzia kwa ndugu wa mwenyekiti. Na kadi inamtambulisha mtu kuwa ni wa kusaidiwa, kitu ambacho kapu halifanyi. Ukiichagua, dai risiti za duka kila mwezi na uzilinganishe na kadi zilizotoka. Kama kuna mama amechukua unga badala ya pedi, usikimbilie kumnyang'anya kadi. Umejua tu kwamba shida ya nyumba ile ni kubwa kuliko uliyokuja nayo.

Pedi ipi ndani yake

Kwa mahali pa kupita, kama stendi, maktaba, ofisi ya kata au ukumbi, weka za kutupa. Mtu hana pa kufulia. Hili halina mjadala mrefu.

Mjadala upo kwa wanawake wanaorudi mahali pale pale kila siku: wauza ndizi na nyanya Mbuyuni, wauza mitumba Memorial, mama lishe. Kwao pedi za kufua zina hesabu nzuri, kwa sababu seti moja iliyoshonwa vizuri hudumu mwaka na zaidi, na Moshi haina uhaba wa mafundi cherehani. Lakini pedi ya kufua inataka sabuni, maji na jua, na jua ndilo linalosahaulika. Mjini Moshi kitambaa kinakauka mchana mmoja. Panda Marangu, Kibosho au Machame kati ya Juni na Agosti, mawingu yamelala mlimani, nguo inashinda kambani na kesho yake bado ina ubaridi. Wakati wa masika ndiyo usiseme. Ongeza na aibu ya kuanika pedi mbele ya baba mkwe, nyingi huishia kufichwa chini ya godoro zikiwa na unyevu, na unyevu huo huleta harufu na muwasho. Ukigawa za kufua kwa akina mama wa milimani, wape za kutosha kupisha siku mbili za kukauka, pamoja na kitambaa chepesi cha kufunikia juu wakati wa kuanika. Na usiwanyime za kutupa miezi ya baridi.

Kikombe cha hedhi ndicho cha bei ndogo kuliko vyote ukihesabu kwa miaka, kwani cha silikoni nzuri kinaweza kufika miaka kumi. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la The Lancet Public Health lilichapisha uchambuzi wa tafiti 43 zilizohusisha wanawake na wasichana wapatao 3,300, na vikombe havikuonekana kuvujisha zaidi ya pedi au tamponi. Kinaweza kukaa kwa muda wa hadi saa 12 kabla ya kumwagwa. Kwa mwanafunzi wa Chuo cha Ushirika mwenye chumba chake, au dada mpagazi anayepanda Kilimanjaro ambako maji ni ya kubeba na taka ni za kushuka nazo, ni kitu cha maana sana. Ila hakiwekwi kapuni. Kinataka kuelekezwa, kupata saizi, kuchemshwa kila mwisho wa hedhi kwenye chombo chake. Mwanamke anayeishi nyumba ya kupanga Njoro, jiko la uani la wapangaji wote, aulizwe kwanza atachemshia wapi. Na wapo wazazi watakaokataa kabisa binti asitumie kitu cha kuingiza ndani. Tamponi zina kikwazo hicho hicho, tena pamoja na hatari ya sumu ya bakteria ikikaa zaidi ya saa nane, kwa hiyo sizipendekezi kwa kapu la watu wasiojulikana.

Ndoo kabla ya kapu

Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika, na mtu wa kwanza kuikataa huwa mwenye choo.

Pedi ya kutupa ina plastiki na unga unaovimba ukilowa. Ikitumbukizwa kwenye choo cha maji inaziba bomba, na ikienda kwenye shimo inajaza. Gari la kunyonya maji taka likifika, bomba lake linakwama na mwenye nyumba analipa mara mbili. Mzabuni akishapatwa na hilo mara moja, kapu litatoka siku hiyo hiyo, na huwezi kumlaumu.

Kwa hiyo kila chumba cha choo cha wanawake kiwe na ndoo yenye kifuniko. Ndoo moja ya pamoja pale kwenye sinki haitoshi, kwa sababu hakuna atakayetoka na pedi iliyotumika mkononi apite nayo mbele za watu. Pembeni pawe na gazeti au karatasi za kaki za kufungia. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, hivyo usipange huduma inayoitegemea. Kifuniko kiwe cha kukanyaga kwa mguu ikiwezekana. Ndoo imwagwe kila siku na mtu mmoja anayejulikana, kwa sababu wanawake wengi, wakubwa kwa wadogo, hawataki damu yao ionekane wala ifike mikononi mwa asiyejulikana. Wengine wana hofu ya usafi, wengine ya uchawi, na kwa mpangaji wa huduma sababu zote mbili zinaelekea kwenye ndoo ile ile iliyofunikwa.

Kuchoma kwenye pipa nyuma ya choo ni njia rahisi, na moshi wa plastiki unaishia kwenye masufuria ya mama lishe wa jirani. Kama kuna hospitali karibu yenye tanuri la kuchomea taka, ombeni makubaliano. Kama hakuna, bora zifungwe vizuri ziende na gari la taka. Moshi imejijengea jina la mji msafi, na manispaa haitavumilia pedi zinazozagaa kwenye mtaro.

Ningechagua nini, wapi

Stendi ya Moshi: kapu dogo ndani, linalojazwa mara tatu kwa siku, na mhudumu wa kike ndiye mwenye akiba. Sharti langu moja ni kwamba akiba ikae pale pale chooni, isiwe kwenye ofisi inayofunguliwa saa mbili, wakati mabasi ya Dar yameshaondoka alfajiri.

Mbuyuni na Memorial: mchanganyiko. Kapu la dharura, na pembeni yake mpango wa pedi za kufua kupitia vikundi vya akina mama wenyewe, ambao tayari wana vikoba, wana mhasibu na wanajuana. Hapa kadi ya duka la dawa ingekuwa ya pili, kwa wale wa milimani ambao pedi za kufua haziwakaukii miezi ya baridi.

Mawenzi na hospitali nyingine: ukiwaza hospitali unamwaza mgonjwa, lakini mgonjwa ana nesi. Anayesahaulika ni dada au binti anayemuuguza, aliyekuja na kanga mbili akidhani atalala usiku mmoja, leo siku ya tano. Kapu liwekwe kwenye choo cha wasindikizaji. Wodi ya wazazi ni habari nyingine, damu ya baada ya kujifungua inataka pedi kubwa zaidi na nyingi zaidi, hizi ndogo hazifai kuhesabiwa kuwa ni huduma kwa mama aliyejifungua.

Maktaba ya mkoa, ofisi za kata, kumbi za kanisa: kapu, basi. Wanaoingia ni wachache na mhudumu anawafahamu.

Vyuo: hapa mashine inaweza kusimama, na kikombe kikaletwa kwa mafunzo mwanzo wa mwaka wa masomo.

Shule za kutwa: kabati la matroni lililozoeleka libaki, lakini liongezewe kapu kwenye choo chenyewe. Msichana anayeogopa matroni yupo kila shule, na si kosa la matroni siku zote.

Nani alipe

Mfadhili wa Mei 28 analeta maboksi 20, fulana na kamera. Mpokee, mshukuru, zigawe kidogo kidogo. Ila huduma inayomtegemea yeye peke yake huisha kabla ya Agosti. Sadaka ya parokia hudumu zaidi kwa kuwa inarudi kila wiki, na akina mama wa jumuiya huuliza.

Kwa vyoo vya umma, mimi napenda zaidi mkataba. Pale manispaa inapompa mzabuni choo kwa zabuni, kipengele kimoja kinaweza kusema: pedi zisizopungua idadi fulani kwa siku, ndoo yenye kifuniko kila chumba, mhudumu wa kike kwa zamu zinazotajwa. Gharama inatoka kwenye kiingilio kile kile. Vikundi vinavyoshona pedi za kufua vina mlango mwingine, ule wa mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambako wanawake wametengewa asilimia nne. Kikundi chenye oda ya soko mkononi kina la kuonyesha kinapoomba.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini halmashauri hupanga bajeti yake miezi mingi kabla. Kwa hiyo diwani afuatwe mapema, asisubiriwe mpaka Mei. Aendewe na daftari la majaribio ya mwezi mmoja kutoka choo kimoja, lenye safu tatu: pedi zilizowekwa, zilizobaki jioni, na saa kapu lilipoishiwa. Safu ya tatu ndiyo ionyeshwe kwanza. Kapu lililoisha saa nne asubuhi kila siku linataka nyongeza. Lililobaki na pedi tisa kati ya kumi kwa mwezi mzima linataka mtu aende akaangalie limewekwa wapi na nani amekaa karibu nalo.